Kisigino cha Kuazima

Vidole vilikuwa vimeshafika kwenye kovu, pale juu kidogo ya kisigino, Kipenga aliposikia cherehani ikilia sebuleni.

Alikuwa amelala kifudifudi, uso kwenye mto, miguu ikining'inia nje ya kitanda, kama alivyoelekezwa kliniki. Kila alasiri mkewe aliacha kushona kwa robo saa akaja kumkanda shavu la mguu. Leo mikono ilikuwa ya baridi kidogo, lakini iliijua kazi kuliko siku zote. "Hapo hapo, Mama Panzi," alikuwa amesema, na kidole kikazama hapo hapo. Sasa cherehani ya miguu ilikuwa inakwenda mbio upande wa pili wa ukuta, na katika nyumba ile hakuna aliyejua kuikanyaga ila mkewe.

"Mama Panzi?" aliita.

"Ngoja namalizia pindo!" mkewe akajibu kutoka sebuleni. "Nakuja kukukanda sasa hivi."

Vidole vikaondoka. Kipenga aligeuka, hakuona mtu. Kilichobaki ni harufu kama ya kucha zilizotiwa motoni, na mguu uliokuwa na nafuu kubwa kuliko jana.

Huyu Kipenga alikuwa refa, na katika maisha yake hajawahi kukosea, ukimuuliza mwenyewe. Miezi mitatu nyuma alikuwa akifanya mazoezi peke yake uwanjani, anakimbia kinyumenyume, mara pa! Kitu kama teke zito kikampata kisiginoni. Kano ilikuwa imekatika, na ikikatika huwa hivyo, mtu huapa kwamba amepigwa kwa nyuma. Mwingine angemwita mama yake. Yeye, akiwa chini vile vile, alichomoa kadi nyekundu, akaielekeza kwenye uwanja mtupu, akakunja kidole cha amri: "Wewe! Njoo hapa! Nimesema njoo!" Mlinzi wa uwanja aliyekuja kumwinua alicheka mpaka akakaa naye kwenye nyasi.

Akapasuliwa, akavishwa buti la plastiki, akapewa magongo. Kisha akaanza kliniki ya mazoezi ya viungo, kwa mwanamama mkavu asiyetaka porojo. Kunyoosha mguu kwa taulo, kukandwa, kushika kiti na kuinuka kwa vidole vya miguu, mara kumi na tano, pumzika, rudia.

"Kukimbia ni mwezi wa tisa tangu upasuaji," mtaalamu alimwambia. "Kano haina haraka."

Kano haikuwa na haraka, lakini chama cha marefa kilikuwa nayo. Mtihani wa mbio ulibaki wiki tano, na refa wa miaka arobaini na mitano akiukosa, jina lake linafutwa na halirudi tena. Hilo ndilo lililomnyima Kipenga raha. Bila kipenga mdomoni angekuwa nani? Angekuwa mume wa fundi cherehani.

Kwa hiyo siku ya pili alimwambia mkewe asijisumbue, atajikanda mwenyewe. Akafunga mlango, akalala kifudifudi, akangoja. Mikono ikaja.

Wiki mbili baadaye mtaalamu alimbana shavu la mguu, na wayo ukaitikia kwa nguvu kama wa kijana. Akabana tena. Akamtazama Kipenga kwa muda.

"Umefanya nini?"

"Mazoezi, daktari."

"Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na miwili. Haya si mazoezi."

Kipenga alicheka, akatoka bila magongo.

Alasiri hiyo, mikono ikiwa kazini, aligundua kwamba cherehani ya sebuleni haiendi kama zamani. Ilikimbia kidogo, ikasita, ikakimbia, ikasita, na kila iliposita ndipo vidole vilipozama zaidi kwenye kano yake, na joto tamu likampanda hadi gotini.

"Wewe ni nani?" alinong'ona kwenye mto.

"Uliniita," sauti ikajibu kutoka chini ya kitanda, ndogo, yenye adabu. "Uwanjani. Nimekuja."

"Unanitibu kwa kitu gani? Unakitoa wapi?"

"Mguu wako hauponi. Nakushonea kwa nyuzi za mwingine. Usigeuke."

Sebuleni cherehani ikasimama kabisa, na Kipenga akamsikia mkewe akijisemea, "Mguu huu una nini leo?", na akajua, akajua bila kuhitaji kuambiwa mara ya pili, kwamba kinachoingia kwake kinatoka kule, uzi kwa uzi, kutoka kwenye mguu ulioikanyaga cherehani hiyo miaka kumi na minne na kuwalisha wote watatu, na kwamba akisema neno moja tu, hapana, mikono ingeacha. Mdomo aliufungua. Kisha akaukumbuka mtihani.

"Wiki tatu tu," akasema, na akarudisha uso kwenye mto.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Mama Panzi alikuwa akikishonea suruali ya mazoezi. Wiki ya pili alikuwa anaburuta mguu. Wiki ya tatu alipelekwa kliniki ile ile, akalazwa kifudifudi, mtaalamu akambana shavu la mguu. Wayo ulining'inia tu. Akapigwa picha.

"Imechanika?" Mama Panzi aliuliza.

Mtaalamu aliteremsha sauti. "Ingechanika ningeona vipande. Mama, hapa hakuna kano."

Mteja mmoja wa Mama Panzi ndiye aliyemwitia mganga, bibi mfupi aliyefika mchana wa kuamkia mtihani. Hakuleta mbwembwe. Alinusa mlangoni, akaingia chumbani, akapiga magoti akatazama chini ya kitanda kama anayetafuta kiatu. Alirudi sebuleni akijifuta vumbi magotini.

"Hili halikutumwa," alisema. "Liliitwa, na aliyeliita yumo humu. Mimi siwezi kulifukuza. Yeye anaweza, kwa maneno machache tu. Aseme mbele yenu: nilikuita, sasa ondoka, rudisha cha watu. Mguu wa mama utarudi leo leo."

Panzi, binti yao wa miaka minane, aliyepewa jina hilo kwa kutotulia, alikuwa ameacha hata kuruka kamba.

"Na msiponisikia, mjue haliishii hapo," bibi akaendelea. "Kano ya kuazima huliwa na mwendo. Mguu wa mama umekwisha. Litatafuta mwingine humu humu."

Mama Panzi alimgeukia mumewe. Kwa wiki kadhaa alikuwa akisikia minong'ono kupitia ukuta ule.

"Baba Panzi," alisema polepole, "kama una neno, mume wangu, liseme. Sitakuuliza kitu. Nitashukuru tu."

Kipenga alimtazama machoni, sawasawa kabisa, kwa uso ule wa kukataa penalti.

"Mimi sijaita mtu," alisema. "Hizi ni ramli, na nyie mnazisikiliza."

Mama Panzi aliinamisha kichwa. Machozi yalidondokea kitambaa cha mteja, naye akayafuta haraka yasiache doa. Bibi alijifunga khanga yake akatoka bila kuaga.

Kesho yake Kipenga alikimbia mizunguko yote, akawaacha vijana nyuma, wakampigia makofi. Jina lake likabaki kwenye orodha. Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Mkewe alikuwa jikoni, ameegemea magongo aliyoyaacha yeye, anaosha vyombo, na hakugeuka.

Kutoka chumbani kilisikika kicheko. Kipenga akasukuma mlango. Panzi alikuwa amelala kifudifudi kitandani, uso kwenye mto, miguu midogo ikining'inia nje, na nyama ya shavu la mguu wake ilikuwa inabonyea na kurudi, inabonyea na kurudi, na hakukuwa na mkono.

"Baba, ni wewe?" alicheka. "Acha, unanitekenya! Mikono yako ya baridi!"

Maneno yalikuwa machache. Nilikuita, sasa ondoka, rudisha cha watu. Kipenga aliyakumbuka yote, moja baada ya jingine, hata pumzi alishaivuta. Kisiginoni joto tamu likaanza kumpanda. Ligi ilikuwa inafunguliwa Jumamosi, na mechi ya kwanza alikuwa amepangiwa yeye.

"Ndiyo, mwanangu, ni mimi," alisema. "Tulia hivyo hivyo. Usigeuke."

Akauvuta mlango taratibu, akaubana mpaka ukashika, ili Mama Panzi kule jikoni asisikie.