Bangili Iliyoliwa na Umeme

Saa mbili na robo asubuhi, mwenye karakana ya kupaka mapambo dhahabu kwa umeme alivuta waya kutoka kwenye beseni la dawa, akapiga ukelele. Bangili ya bibi harusi, dhahabu tupu iliyoletwa kung'arishwa, ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi.

Mpelelezi aliyefika saa nne alikuwa na hofu zaidi kuliko mshukiwa, maana mshukiwa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, binti aliyekuwa fundi mpya hapo, mwenye mtoto wa kunyonya nyumbani. Mkubwa wa kituo cha polisi hakuficha: ikifika saa sita bila jibu, binti analala mahabusu.

"Jana uliiacha wapi?"

"Mezani, dada. Nikaenda zangu kunyonyesha."

"Imekutwa ndani ya dawa, imefungwa waya mwekundu," alidakia msimamizi, ambaye wenzake walimwita Nadhifu. Alikuwa dirishani na chai yake, akiikoroga kwa mpini wa brashi, ingawa kijiko kinachong'aa kilichungulia kwenye mkoba wake wa chakula. "Kosa la mgeni wa kazi hilo, afande. Pambo hufungwa waya mweusi, dhahabu ikaligandia. Ukilifunga mwekundu, umeme unalimenya. Haraka haraka haina baraka."

Binti alianza kulia. Mpelelezi alitamani kumshika mkono, akajizuia.

"Nani alifunga mlango jana?"

"Mimi," alisema mwenye karakana, jasho likimtiririka. "Funguo tunazo mimi na msimamizi tu."

"Na hukuona mashine inawaka?"

"Haikuwa inawaka! Nijiharibie jina mwenyewe, mwanangu? Nani ataniletea tena pambo lake?"

Ilikuwa saa tano na nusu. Mpelelezi aliinama juu ya beseni. Kwenye waya mweusi lilining'inia bamba la chuma.

"Mzee, dhahabu ikimenywa kwenye mwekundu, inakwenda wapi?"

"Inapita ndani ya dawa, inaganda kwenye kilichofungwa mweusi."

"Basi mbona bamba hili ni jeupe pee?"

Mzee alilitazama, akalikwangua kwa ukucha. Kama lingekuwa kosa, bamba lingegeuka manjano. Mtu alikuwa amening'iniza kitu kingine pale, akaondoka nacho.

Mpelelezi aliutazama tena ule mpini wa brashi, akachukua kijiko kwenye mkoba wa Nadhifu, akakitumbukiza ndani ya chai ya Nadhifu. Kilikuwa kizito ajabu.

"Kunywa."

"Sina kiu."

"Ulikuwa unakunywa sasa hivi."

"Dawa ile ni sumu, afande!" Nadhifu alipiga kelele, kisha akagundua amesema nini.

Mpelelezi alikwangua mpini wa kijiko kwa tupa. Juu palikuwa na utando mweupe wa nikeli uliopakwa kuficha, chini yake manjano matupu.

"Miaka kumi na miwili navuta moshi wa dawa hizi," Nadhifu alisema. "Anakuja mtoto wa juzi, anakabidhiwa mapambo ya maharusi. Nilitaka afukuzwe. Dhahabu ilikuwa kifuta jasho changu."

Askari walipomtoa Nadhifu na pingu, binti alimkumbatia dada yake kwa nguvu.

"Mimi nilijua hutanidhania vibaya. Ulijua tangu mwanzo, sivyo?"

Mpelelezi angeweza kumdanganya, na uongo ungekuwa mtamu.

"Hapana, mdogo wangu. Sikujua."

Mikono ya binti ililegea mgongoni mwake.