Leo Ni Nani?

Walikutana soko la Mwanga, dumu la mawese la Nyabenda lilipomwagikia gauni jeupe la Honorata. Nyabenda alimtazama kuanzia hereni hadi lile doa, akasahau kuomba radhi. Honorata alimkumbusha kwa maneno makali, kisha akacheka. Mwaka haukuisha, wazee wa Nyabenda wakawa wanajiandaa kupeleka posa Simbo, kwa wazazi wa Honorata.

Ndipo masikio yakamponza Nyabenda. Alimpitia Honorata kwake Ujiji, akamkuta barazani anaongea na simu, kampa mgongo.

"Leo amenichosha," alikuwa akisema. "Mwaka mzima niko naye, na bado sijui anaelekea wapi. Lakini kumwacha siwezi."

Mwanamume mwenye akili angeuliza. Huyu aligeuza pikipiki. Kesho yake akawaambia wazee kwamba safari ya Simbo haipo tena, na maskini Leonardi wa duka la simu, ambaye mtaa mzima humwita Leo, akawa hasalimiwi. Honorata alipiga simu, hazikupokelewa. Huko Simbo mama yake alikuwa ameshaalika ndugu, na aibu ile ilimchoma Honorata kuliko kuachwa kwenyewe.

Ilipita wiki, akamvamia sokoni mbele ya wateja.

"Nimekukosea nini?"

"Muulize Leo wako."

Leo, Honorata alimweleza kwa hasira, ni galaksi, kundi dogo la nyota za mbali sana, ndiyo anayoisomea shahada ya pili. Analinganisha picha zilizopigwa kwa miaka mingi ili aone nyota zake zinavyosogea, na zinasogea kidogo mno, hata mwalimu wake wa chuo amechoka kusikia malalamiko yake kwenye simu.

"Nisamehe, mukunzi, mpenzi wangu. Wazee watakwenda Jumamosi."

"Wazee hawajakosa. Nenda wewe, ukamweleze baba."

Akaenda, ndani ya koti la kuazima, akaeleza huku jasho likimtoka. Mzee Nikodemu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulizionea wivu nyota?"

"Ndiyo, Mzee."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Honorata hakucheka. Alisema posa ikiletwa ipokelewe, kwa sababu bado anampenda, na hilo ndilo linalomuudhi zaidi. Kisha akamgeukia Nyabenda.

"Nyota nazitazama mwaka mzima kwa sababu hazina mdomo. Mimi ninao. Siku nyingine uliza."