Usikanyage, Nimepiga Deki

"Amparo, yule mzee ananusa chupa au anakunusa wewe?"

Eladio, mchumba wangu, alisimama mlangoni mwa duka langu, uso umemvimba. Mzee Basilio, mwalimu mstaafu, alikuwa bado anafungua vifuniko, lavenda, msonobari, maua ya mchungwa, akifumba macho kwa kila harufu.

"Anachagua sabuni ya deki. Watu huchagua kwa pua."

"Na wewe unamchekea."

Nilimwambia namchekea kila mteja. Duka hili la hapa mjini Linares niliachiwa na mama. Sabuni tunauza kwa kupima, unakuja na chupa yako, nakujazia. Mtaani kwetu nyumba husifiwa kwa harufu tangu ngazini, mgeni hajabisha hodi. Eladio hakutaka kuelewa. Na mimi mjinga, wivu wake niliuita mapenzi. Alishanivisha pete, harusi ilikuwa Septemba.

Nilimchanganyia harufu yake peke yake, mchungwa mwingi na lavenda kidogo. Hata dada yangu aliponibembeleza nilimnyima. Chupa yake niliifunga utepe wa bluu shingoni. Alikuwa anaimaliza upesi, nami nikijisifu kwa shoga zangu kwamba nimepata mwanaume anayepiga deki.

Jumanne moja akaingia dada mrembo, mpole, sijawahi kumwona. Akatoa chupa kwenye mkoba. Utepe wa bluu.

"Nijazie hii, dada. Mchumba wangu ndiye huniletea, lakini safari hii amechelewa, na nyumba isiponukia hivi naiona chafu."

Niliiweka chupa juu ya kaunta.

"Mchumba wako anaitwa nani?"

"Eladio. Usimwambie nimekuja, tafadhali. Duka hili amenikataza kabisa. Ana wivu, anasema wanaume hujazana hapa kunusanusa."

Kumbe wivu ule ulikuwa ukuta, mimi upande huu, mwenzangu upande ule. Nilimwonyesha pete yangu. Akaitazama, akanyoosha mkono wake. Zilifanana. Jina lake Maricruz. Nilitaka kumchukia, nikashindwa, maana alikuwa analia kama ambavyo ningelia mimi.

Nikamkalisha nyuma ya kaunta, nikachukua simu, nikamwandikia Eladio.

"Kuna mwanaume hapa ananusa, hataki kuondoka."

Jibu likaja papo hapo: "NAKUJA."

Nikamimina harufu yote ya Eladio kwenye ndoo, nikapiga deki kuanzia kizingitini nikirudi kinyumenyume hadi kwenye kaunta. Barabara nzima ikanukia.

Alifika akihema.

"Yuko wapi?"

Halafu akatuona wawili. Akainua mguu aingie.

"Usikanyage," Maricruz akamwambia. "Amepiga deki."

Eladio amelelewa na mama wa hapahapa, na kwetu sakafu mbichi haikanyagwi hata nyumba ikiungua. Mguu ukarudi nje. Akajitetea kutoka kizingitini, mara anatupenda sote, mara alikuwa anatafuta siku nzuri ya kusema, majirani wakisikiliza toka madirishani. Tulivua pete tukazitupa juu ya maji, zikateleza hadi miguuni pake.

Mzee Basilio alikuwa anapita na mkate wake. Akasimama, akafumba macho.

"Amparo, hii ndiyo nzuri kuliko zote. Inauzwa?"

"Kuanzia leo inauzwa, Mzee. Yeyote mwenye chupa."

Sakafu ikakauka. Eladio alikuwa bado amesimama pale, na hakuna aliyemwambia aingie.