Umeme Upo

Kila asubuhi kabla sijaenda shule, mimi na baba tunahamisha uzio. Tunang'oa vijiti vya plastiki vya upande ulioliwa, tunakunja kamba nyeupe kwenye gurudumu lake, tunatembea hatua hamsini, kisha tunavichomeka upya kuzunguka majani ambayo hayajaguswa. Baba anafungua mlango wa kamba, na ng'ombe wetu thelathini na mmoja wanaingia sehemu mpya bila kusukumwa wala kuchapwa. Mimi nanawa miguu, nachukua begi langu, na kengele ya shule inapogongwa niko kwenye mstari na wenzangu.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani mambo yalikuwa hivi siku zote. Hata kidogo. Kaka yangu Saruni alipokwenda sekondari Handeni mjini, fimbo ya kuchungia iliniangukia mimi, Simaloi, binti pekee aliyebaki nyumbani. Kila wiki nilikosa shule siku mbili, wakati mwingine tatu. Mwalimu Efrazia alikuwa akiniuliza nilikuwa wapi, nami namjibu, ng'ombe, mwalimu, mpaka darasa zima likawa linanijibia.

Tena hata kwa kuchunga huko hatukuwa na amani. Malisho yetu hapa Kwamsisi yanapakana na shamba la mahindi la Mzee Mhina, mzee mmoja wa Kizigua, mrefu, asiyependa maneno mengi. Mara mbili ng'ombe walinishinda nguvu wakaingia kwake. Mara ya pili tuliitwa kwenye mkutano wa kijiji, baba akasimama mbele za watu akiwa ameinamisha kichwa. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo baba alipokwenda Korogwe, kwenye duka moja la vifaa vya kilimo pale Manundu, akarudi na vijiti, gurudumu la kamba, betri, paneli ndogo ya sola na kisanduku cha kijani. Siku mbili baadaye mwenye duka, Mzee Vinod, alikuja mwenyewe kutufundisha. Mama alipoiona ile kamba alicheka mpaka akakaa chini. Alisema ni kamba ya kuanikia nguo, na kwamba dume letu likipiga chafya tu itakatika.

Mzee Vinod hakukasirika. Alieleza kwamba kisanduku kinachukua umeme kwenye betri na kuusukuma kwenye kamba kidogo kidogo, tik, tik, tik. Unauma lakini haujeruhi. Kuupima ni rahisi: unachuma jani bichi la nyasi, unaligusisha kwenye kamba, na kama umeme upo, jani linakuambia vidoleni.

Wa kwanza kuijua kamba ile alikuwa Narok, ng'ombe wetu mweusi anayeongoza wenzake. Alikwenda kuinusa. Loo! Aliruka kwa miguu yote minne, akageuka, akasimama mbali akiitazama kamba kana kwamba imemwita jina. Wenzake wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akapata salamu yake. Baada ya siku tano hakuna aliyekaribia kamba kwa hatua mbili. Mama hakucheka tena. Alikuja na kigoda chake, akaketi kimya kutazama ng'ombe thelathini wakizuiwa na kitu chembamba kuliko kidole changu cha mwisho.

Maajabu hayakuishia hapo. Majani tuliyoyaacha nyuma yalipumzika, yakaota, na tulipoyarudia baada ya wiki kadhaa yalinifika magotini. Baba aliingia katikati yake akavua kofia. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuona majani ya namna hiyo mwezi ule wa jua kali.

Kijiji kilituandikia makubaliano. Tungejaribu uzio msimu mmoja. Ng'ombe hata mmoja akivuka kuingia kwa Mzee Mhina, mifugo yote ingehamishwa mbali nyikani, nami ningelazimika kwenda nayo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuichunga. Kwa maneno mengine, shule yangu ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ile.

Mzee Mhina alikuja mpakani kila alasiri kujionea. Alichuma jani, akaligusisha kwenye kamba, akaguna, akaondoka. Baada ya mwezi mmoja akaacha kuchuma jani. Alisimama upande wake tu akaniuliza, "Upo?"

"Upo, mzee," nilimjibu.

Akawa anarudi kwenye jembe lake. Neno hilo moja lilitosha kwa siku nzima.

Sasa sikilizeni nilivyojiharibia. Simu ya mama ilikuwa na mchezo wa nyoka anayekula vidude na kurefuka, na mimi nilikuwa nimeupenda kupita kiasi. Tatizo ni kwamba chaji ilikuwa inaisha upesi, na kwetu hakuna umeme. Siku moja nikiwa nimekaa karibu na kisanduku, jicho langu likaangukia betri. Nilichomoa vibanio vya uzio, nikabana waya wa kuchajia simu. Nikawatazama ng'ombe, nikisubiri watoke mbio.

Hawakutoka. Kamba ilikuwa imekufa kabisa, lakini hakuna aliyeikaribia. Narok alikula majani mpaka zilipobaki hatua mbili, akageuka kama kawaida. Kumbe uzio haukuwa kwenye kamba tena. Ulikuwa umehamia vichwani mwao! Badala ya kulistaajabia jambo lile na kurudisha vibanio, nililigeuza kuwa siri yangu. Nilifanya hivyo siku ya pili, na ya tatu, na ya nne.

Wiki iliyofuata mjomba alimpa baba mtamba mwekundu, jike ambaye hajazaa bado, mzuri, mwenye macho ya upole. Mzee Vinod alikuwa ametuonya kwamba mnyama mgeni lazima aguse kamba yenye umeme kabla hujamwamini. Kwa hiyo baba alinikabidhi kazi hiyo niliporudi shule. Nikae pale, nihakikishe mtamba amejifunza, kisha nimpe taarifa.

Nilikaa. Lakini mtamba alikuwa katikati ya kundi, anakula tu, na chaji ya simu ilikuwa imebaki kidogo. Nikajiambia ni dakika kumi. Nikachomoa vibanio. Ndipo Mzee Mhina akaja mpakani, jembe begani.

"Upo?"

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema, subiri kidogo, mzee. Ningeweza kusimama na kurudisha vibanio mbele ya macho yake.

"Upo, mzee," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akaenda zake nyumbani. Nyoka wangu alikuwa amerefuka hajapata kurefuka hivyo, nami sikuinua kichwa. Nilipokiinua, mtamba alikuwa kwenye kamba. Aliinusa, haikumwambia kitu. Akaisukuma kwa kifua kama mtu anayepita kwenye pazia, vijiti vitatu vikalala chini, naye akaingia kwenye mahindi. Narok alimtazama. Kisha Narok, aliyekuwa akiiogopa kamba ile kuliko fimbo ya baba, alipita juu yake polepole, na wenzake wote wakamfuata.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kabla baba hajafika nilikuwa nimesharudisha vibanio kwenye betri na kuficha waya wa simu kwenye nguo zangu. Tulipowatoa ng'ombe, mistari minane ya mahindi ya Mzee Mhina ilikuwa imelala chini, mingine imeliwa mpaka mashina. Baba aliniuliza kama umeme ulikuwepo. Nikasema ulikuwepo.

Kilichoniumiza zaidi ni maneno ya Mzee Mhina. Alisimama katikati ya mahindi yake, hakufoka, akamwambia baba kwamba mtoto hana kosa. Yeye mwenyewe aliniuliza, nami nikamjibu kwamba umeme upo. Kwa hiyo mbovu ni mashine. Lakini makubaliano ni makubaliano, na ng'ombe wahame kabla ya Jumamosi.

Usiku ule sikula. Asubuhi baba alifunga kisanduku, betri na gurudumu nyuma ya bodaboda, akanipakia na mimi kama shahidi, tukaenda Korogwe kumrudishia Mzee Vinod mashine yake mbovu.

Mzee Vinod alitusikiliza mpaka mwisho. Alifunga kamba fupi dukani, akawasha, akachuma jani kwenye chungu cha maua pale mlangoni, akaligusisha. Tik, tik, tik. Alibadilisha betri, akapima tena. Tukakaa saa nzima, na kisanduku hakikukosea hata mara moja. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Ndugu yangu Meshaki, mimi sioni ubovu. Lakini mtoto ameona kwa macho yake na ng'ombe wamepita. Basi ubovu upo na mimi ndiye nisiyeuona. Nimewauzia watu kumi na wawili mashine kama hii. Siwezi kulala nikijua mashamba yao yataliwa."

Akachukua simu. Nilimsikia akimwambia mteja wa kwanza, mtu wa Mkumbara aitwaye Kasmiri, azime mashine yake siku hiyohiyo na airudishe. Akaanza kutafuta namba ya pili. Mzee mzima alikuwa anajivunjia jina na biashara yake kwa sababu ya neno langu, na wala hakuwa na hakika yoyote zaidi ya hilo neno.

"Mzee, usipige," nikasema. "Mashine ni nzima. Nilichomoa umeme nichaji simu. Mzee Mhina aliniuliza, nikamdanganya. Baba naye nilimdanganya."

Baba alinitazama kwa muda mrefu kuliko ningeweza kuvumilia. Sikuogopa kuchapwa. Niliogopa yale macho, maana hayakuwa na hasira, yalikuwa na mshangao, kama ya mtu aliyemkuta mgeni ndani ya nyumba yake. Mzee Vinod alimpigia Kasmiri tena, akamwomba radhi na kumweleza mashine ni salama. Kisha akatusaidia kufunga mzigo. Tulipokaribia Kwamsisi, baba aliniambia kwamba kwa Mzee Mhina nitaongea mwenyewe.

Nilimkuta akiyainua mahindi yaliyopinda. Nilimwamkia, nikainamisha kichwa kama sisi watoto wa kwetu tunavyowainamia wakubwa watuguse kichwani kwa salamu, lakini hakukigusa, mikono yake ilikuwa na udongo. Nikamweleza yote, tangu nyoka wa kwenye simu mpaka vibanio. Alisimamisha bua moja la mahindi, akalikanyagia udongo shinani.

"Ng'ombe wako hawakuzuiwa na kamba," akasema mwishowe. "Waliiamini. Kila walipoigusa iliwaambia kweli, siku zote, mpaka wakaacha kuigusa. Mimi nami niliacha kuchuma jani kwa sababu yako. Kamba ilipowadanganya mara moja tu, umeona wameifanyaje. Sasa nenda kawafundishe upya, nawe ujifunze pamoja nao."

Nilidhani ndiyo tunafukuzwa. Lakini jioni ile alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akamwambia kwamba makubaliano yalihusu uzio, na uzio haukuwa na kosa. Alitaka mambo mawili. Mimi nimsaidie kupalilia mpaka mavuno, na baada ya mavuno baba ahamishie uzio ndani ya shamba lake, ili ng'ombe wale mabua na kuacha samadi, kipande kwa kipande, mpaka ienee shamba lote. Baba alipoitwa kuelezwa, alikubali kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi.

Kuwafundisha ng'ombe upya kulituchukua wiki mbili, karibu mara tatu ya muda wa mwanzo. Walikuwa wanaijaribu kamba kila siku, hata Narok, kana kwamba wanaiuliza leo unasema nini. Simu ya mama sikuigusa tena. Na Mzee Mhina alikuwa akija mpakani kila alasiri, anachuma jani, analigusisha kwenye kamba, anaguna, anaondoka. Mimi haniulizi kitu. Nilikuwa nasimama palepale hatua tatu kutoka kwake, nikitamani aniulize.

Mahindi yakavunwa. Tukahamisha uzio shambani kwake, kipande baada ya kipande, na mvua za vuli ziliponyesha ardhi ile ikawa nyeusi na laini. Mbegu zilipochipua, wanakijiji walikuja kutazama. Mahindi yalikuwa mazito, ya kijani kibichi cha kuumiza macho, na pale ambapo mistari minane ililiwa ndipo yaliposhonana zaidi. Mzee Mhina alitembea katikati yake polepole, akiyagusa majani kwa viganja. Baba naye alivua kofia.

Alasiri hiyo ng'ombe walikuwa wamesharudi upande wetu, na mtamba mwekundu alikuwa anakula hatua mbili kutoka kwenye kamba. Mzee Mhina alifika mpakani. Aliinama, akachuma jani lake, akaliinua. Kisha akanitazama.

"Upo?"

Kabla sijamjibu nilikwenda kwenye kisanduku, nikavitazama vibanio vyote viwili, nikachuma jani langu mwenyewe, nikaligusisha. Tik, vidoleni.

"Upo, mzee."

Akalitupa jani lake chini. Akanyoosha mkono juu ya kamba, akauweka kichwani pangu kidogo tu, kama wazee wa kwetu wanavyofanya, kisha akachukua jembe lake akageuka akaenda shambani, wala hakutazama nyuma.