Asubuhi Nyeupe kwa Bibi

"Umeimaliza wewe!"

"Sijaimaliza! Haikuwepo!"

"Ilikuwepo! Kijumba chake hiki hapa, kitupu!"

"Hicho ni cha kuchanganyia rangi, Tuse. Hujui kitu."

"Mchoyo!"

"Mlalamishi!"

Hivyo ndivyo tulivyogombana, mimi na dada yangu Subilaga, tumeinamia boksi la rangi za maji. Mimi nilikuwa na miaka sita. Yeye alikuwa na miaka tisa.

Boksi lilikuwa na nyekundu na njano. Lilikuwa na buluu na kijani. Lilikuwa na kahawia na nyeusi.

Nyeupe haikuwemo. Na sisi tulitaka nyeupe. Nyeupe nyingi, nyingi sana!

Kijiji chetu kiko juu milimani, karibu na Kitulo. Wakati wa kipupwe, umande huganda usiku. Ukiamka asubuhi, nyasi zote ni nyeupe.

Ukizikanyaga, zinalia. Kra, kra, kra.

Bibi aliupenda sana wakati huo. Alitutoa nje tukiwa bado na usingizi. Subilaga mkono wa kulia, mimi mkono wa kushoto.

"Kanyageni," alisema. "Msikie ardhi inavyotafuna bisi."

Kra, kra, kra.

Lakini magoti ya Bibi hayakuipenda baridi. Yaliuma. Yaliuma mpaka Bibi akashindwa kuinuka kwenye kiti.

Basi Mjomba Anyosisye akaja. Akamchukua Bibi, akaenda kuishi naye Tanga, kwenye joto.

Nyumba ikawa kubwa. Hakuna aliyetutoa nje asubuhi.

Siku moja Bibi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tuse, mjukuu wangu. Huko kumeganda?"

"Kumeganda, Bibi! Kweupe!"



"Zamani nikifumba macho, niliona huko kote," Bibi akasema. "Sasa nikifumba macho naona jua tu. Nasahau, Tuse. Nasahau nyumbani kulivyo."

Simu ikakatika. Nikabaki nimesimama.

Kama Bibi amesahau nyasi, si atasahau na nyumba? Na kama amesahau nyumba, si atatusahau na sisi?

Nikamwambia Mama. Mama akachukua karatasi ya manila, nene na safi. Akaikata, akaikunja. Zikawa kadi tatu.

"Mchoreeni asubuhi yetu," akasema. "Kesho Mama Lugano anakwenda Tanga na lori la viazi. Atampelekea."

Kadi tatu. Lori kesho. Na nyeupe hatuna!

*Nyeupe, nyeupe, uko wapi?*
*Toka, Bibi anakungoja.*

Tuliitafuta chini ya kitanda. Haipo.

Tuliitafuta nyuma ya kabati. Haipo. Tulipata kijiko na soksi moja.

Nikaenda jikoni. Unga wa mahindi ni mweupe!

Nikachora nyumba yetu kwenye kadi ya kwanza. Nikachanganya unga na maji. Nikaumwaga juu ya paa, nikaumwaga juu ya nyasi. Nikaiweka kadi nje ikauke.

Akaja kuku. Akaja na vifaranga wake.

Do! Do! Do!

"Mama! Kuku amekula kipupwe changu!"

Subilaga alicheka mpaka akakaa chini. Kadi ilikuwa na matundu kama chujio.

"Sasa tazama wakubwa wanavyofanya," akasema.

Akaleta dawa ya meno. Akaikamua juu ya kadi ya pili. Fyuuu! Akaitandaza vizuri kwa kidole.

Ilipendeza! Ilipendeza mpaka ilipokauka.

Ikapasuka. Kwa! Ikabanduka. Pwa! Kipupwe chote kikaanguka sakafuni.

Mama akaingia, akanusa. "Ni nani amepiga mswaki juu ya karatasi?"

Subilaga akaficha kidole nyuma.

*Nyeupe, nyeupe, uko wapi?*
*Toka, Bibi anakungoja.*

Ikabaki kadi moja tu.

"Nichore mimi!" nikasema.

"Ili kuku wapate chakula cha jioni?" Subilaga akasema.

"Na yako je? Ilinuka kama mdomo!"

Subilaga akaichukua kadi ya mwisho. Akaiweka juu kabisa ya kabati. "Haiguswi na mtu," akasema.

Jioni Mama aliwaingiza kondoo zizini. Wengine waliingia. Kondoo mmoja tu, Kaidi, alikataa.

Mama akamvuta. "Meee!"

Mama akamsukuma. "Meee!"

"Haya, lala nje na sufu yako," Mama akasema.

Nami nikalala. Kadi haikuwa imechorwa.

Asubuhi nilitoka peke yangu. Uwanja wote ulikuwa mweupe. Miti ya misindano ilisimama kimya. Moshi wa jikoni ulipanda polepole.

Kra, kra, kra.

Kaidi alikuwa amelala katikati ya uwanja. Mgongo wake ulikuwa mweupe kama wa babu wa kondoo.

"Kaidi, amka!"

Kaidi akasimama. Akajitikisa. Prrrr!

Nikaangalia pale alipolala.

Palikuwa kijani!

Palikuwa kijani kibichi, na umbo la kondoo. Tumbo lake lile pale. Kichwa chake kile pale. Kuzunguka pote, nyeupe.

Nikachuchumaa. Nikapagusa kwa mkono. Nyasi zilikuwa na joto.

Usiku kucha baridi haikupagusa hapa. Ndiyo maana pamebaki na rangi yake.

Kitu kisichoguswa kinabaki na rangi yake.

Nikaifikiria ile kadi juu ya kabati. Haijaguswa na unga. Haijaguswa na dawa ya meno. Haijaguswa na kitu.

Ni nyeupe! Ni nyeupe yote!

Nikakimbia ndani. Kra-kra-kra-kra!

"Dada! Dada! Nyeupe nimeiona! Iko kwenye kadi!"

Subilaga alikuwa bado ndani ya blanketi. Akatoa pua tu.

"Umeota?"

"Sijaota! Tusiipake nyeupe. Tuiache! Tupake vingine vyote!"

Subilaga akakaa. Akafikiri. Akapanda juu ya stuli, akaishusha kadi. Akaishika kifuani.

"Ni ya mwisho, Tuse. Ukiiharibu?"

"Bibi atatusahau," nikasema. Machozi yakanijia, nikayameza.

Subilaga akanitazama. Akanipa kadi.

"Chora wewe," akasema. "Mimi nitakushikia maji."

Nikachovya brashi. Chubwi!

Nikapaka mbingu buluu, nyepesi sana. Nikapaka ukuta kahawia. Nikafika kwenye paa.

*Hapa tunapaka.*
*Hapa tunaacha.*

Paa tukaliacha.

Nikapaka misindano, kijani na nyeusi kidogo. Nikapaka mlango wa jikoni na moshi. Nikafika kwenye nyasi. Mkono wangu ukataka kwenda.

"Acha!" Subilaga akanong'ona.

"Naacha."

*Hapa tunapaka.*
*Hapa tunaacha.*

Nyasi tukaziacha. Tukapaka mahali pamoja tu, padogo, kijani, pale alipolala Kaidi.

Tukarudi nyuma hatua moja. Tukaangalia.

Kadi ilikuwa na baridi. Kweli kabisa! Hata Subilaga alijifunga khanga vizuri.

Ndani ya kadi Subilaga akaandika kwa kalamu, maana mimi herufi zangu zilikuwa zinalala: *Bibi, hii ni leo asubuhi. Ni sisi, Subilaga na Tusekile.*

Piiii! Piiiiii!

Lori! Na rangi ilikuwa bado mbichi!

Tukapiga magoti. Tukapuliza. Fuuu, fuuu, fuuu.

Mama Lugano akaja amevaa makoti mawili.

"Jamani, mnapuliza nini? Mbona moto siuoni?"

"Ni kadi ya Bibi, Mama Lugano! Haijakauka!"

"Wanangu, viazi vyangu haviwezi kungoja karatasi. Leteni hivyo hivyo, niikunje."

"Usiikunje!" tukapiga kelele wote wawili.

Mama Lugano akainama kuangalia. 

"Ee," akasema. "Si ndiyo hapa? Si ndiyo uwanja huu nilioupita sasa hivi?"

Akanyoosha viganja vyake viwili. Tukamwekea kadi juu yake, kama sahani ya uji wa moto.

"Nitaishika hivi mpaka ikauke," akasema. "Hata kama itakauka tukifika Makambako."

Akapanda lori bila kujishikilia. Dereva alimvuta kwa viwiko. Utingo alimsukuma kwa nyuma.

Grrrr! Lori likaondoka. Tukalipungia mpaka likapotea nyuma ya misindano.

Siku ya kwanza tulingoja. Simu kimya.

Siku ya pili tulingoja. Simu kimya.

Siku ya tatu nilikaa karibu na simu na sikutaka hata kwenda kuchota maji.

Siku ya nne simu ikalia. Mama akaibonyeza ili sote tusikie. Alikuwa Mjomba Anyosisye, anacheka.

"Nyie watoto! Mmemfanya nini Bibi yenu?"

"Ameipata?" nikauliza. "Ametukumbuka?"

"Kuwakumbuka? Hata usingizi hatupati! Kila jirani akipita anaitwa. 'Njoo uone. Hapa alilala kondoo. Huu mlango wa jikoni. Hapa walipita wajukuu wangu, Subilaga kulia, Tuse kushoto.' Mtaa mzima sasa unawajua!"

Subilaga akanishika mkono. Akaubana sana. Nami nikaubana wake.

"Na magoti yake?" Mama akauliza.

"Mazima! Anasema baridi ya karatasi haiumi magoti."

Tukacheka. Mama alicheka huku anafuta macho.

"Ngoja niwaambie ya jana," Mjomba akasema. "Nimerudi kazini, jasho linanitoka. Joto la Tanga mnalisikia tu! Nikausukuma mlango, nikauacha wazi kabisa, ili nipate upepo kidogo. Nikasimama pale pale mlangoni, napumua."

"Bibi alikuwa wapi?"

"Kwenye kiti chake. Kadi ameishika kwa mikono miwili. Kitenge amejifunika mpaka shingoni. Hata hakuinua macho. Akaniambia, 'Funga mlango, Anyosisye. Baridi inaingia.'"