Pangaboi la Jenista

Kila mapumziko Jenista alikaa peke yake kwenye ngazi za darasa la sita, akitafuna muhogo taratibu ili usiishe kabla ya kengele. Tangu wahamie Tunduma kutoka Ivuna, hakuwa na wa kuongea naye. Hata vikundi vya sayansi vilipogawanywa alisazwa, akawa kikundi cha mtu mmoja.

Kila kikundi kilitakiwa kuunda mashua ndogo ya mota, na yoyote ambayo ingevuka karo la maji nyuma ya jiko la shule ingekwenda maonyesho ya Mlowo pamoja na waundaji wake. Jenista aliitaka safari hiyo kuliko sikukuu. Ndani ya basi, angalau mtu angelazimika kukaa kando yake.

Akachomoa mota kwenye redio mbovu ya kaseti, akakata pangaboi la kuisukuma mashua kwa bati la kopo. Kwa bibi yake kule Ivuna, pepeo likiwa pana, moto wa kuchemshia chumvi hunguruma. Basi naye akakata mapanga bapa, mapana hata bata angeyaonea wivu.

Siku ya majaribio maji yaliruka, yakamlowesha mwalimu Loisi mpaka kilemba. Mashua? Ilitulia kama mgeni aliyeahidiwa chai.

"Wa chumvini anakoroga uji!" mwanafunzi mwenzake Lucky alipiga kelele. Darasa zima likaangua kicheko.

"Betri imechoka, mwalimu," Jenista akasema haraka, ingawa aliinunua asubuhi ileile.

Mwalimu akampa nyingine. Uji ukakorogwa vilevile. Wenzake wakaondoka na mashua zao kwapani, wakamwacha na karo lake.

"Mwalimu, nimekudanganya. Betri ilikuwa mpya. Sijui kosa liko wapi."

"Haya, sasa tunaweza kuanza." Mwalimu akachutama. "Panga bapa linazungusha maji tu. Liweke mshazari, liyasukume nyuma. Likiwa pana mno linakwaruzana na maji, mota inahema. Lipunguze. Kisha lisokote: mshazari mkali shinani, mdogo nchani."

"Kwa nini mdogo nchani?"

"Ncha inazunguka duara kubwa, kwa hiyo inakimbia kuliko shina. Ukiipa mshazari mkali, itapigana na maji bure. Kesho ujaribu tena."

Jioni nzima Jenista alikata, akasokota, akaharibu, akaanza upya. Makopo yakaisha, vidole vikachubuka.

Kesho yake mashua ilikata maji ikagonga ukuta wa pili. Lucky akasogea. "Dada, umelisokotaje hilo?"

"Njoo uone," Jenista akasema, akimpisha kando ya karo.

"Mota ni ileile, mwanangu," mwalimu akamwambia. "Mlowo utakwenda kwa sababu ulikiri kuwa hujui. Ungeendelea kuisingizia betri, tungebadilisha betri mpaka mwaka uishe."