Kombe la Daftari la Stanislaus

Shangazi yetu Kudra hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Yaliyompata Ramadhani ya mwaka 2014 aliyasimulia mara moja tu, na sisi tumeyaweka vilevile.

Alikuwa muuguzi wa usingizi katika hospitali moja Kibondo. Ndiye aliyemlaza mgonjwa kwa dawa kabla ya kisu, na ndiye aliyemwamsha. Kazi alifundishwa na marehemu Stanislaus, aliyemtangulia. Mwaka ule ukaja waraka: asiyefaulu mtihani wa maandishi wa usingizi, utakaofanyika Kasulu, arudi wodini. Kudra alikuwa amefeli mara moja. Mara ya tatu haikuwepo.

Kila alasiri alikaa barazani na daftari la Stanislaus, lililoandikwa kwa wino wa chupa. Nestori, mhudumu wa chumba cha upasuaji, alimuuliza maswali.

"Sista, hili jana ulilijua."

"Jana ni jana."

"Basi kichwa chako ni gunia lililotoboka. Tunajaza, linamwaga."

Kudra akaurudia ukurasa uleule.

Kwao, mtoto akikaribia mtihani hunyweshwa kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, maji yakanywewa. Kudra alikwenda kwa Maalimu Haidari, lakini hakutaka aya. Alitaka daftari lile lifanywe kombe. Maalimu akalisukuma kwa kidole kimoja.

"Kombe ni maneno ya Mungu, binti yangu. Haya ni ya mtu. Ukiyanywa, umemnywa na mwenyewe."

Akarudi nyumbani akajifanyia. Baada ya kufuturu alizilaza kurasa sahanini, moja moja, akazimwagia maji. Wino ukatoka. Maji yakawa na rangi ya jeraha lililovilia damu, yakanuka uji uliochacha. Akaziba pua, akanywa mpaka mashapo.

Kesho yake daftari zima lilikuwa kichwani. Nestori alishangaa.

"Haya, mgonjwa aliyekula. Ukimpa dawa, hatari yake ni nini?"

"Koo hulegea. Chakula hupanda, kikashukia mapafuni. Ndiyo maana lazima..."

Kinywa chake kikajaa.

Alikuwa amefunga. Daku alikula wali. Alichotema kwenye beseni kilikuwa ugali wa muhogo na mgagani, vimetafunwa nusu, vya uvuguvugu, vinavutika kama makamasi. Ndani yake mlikuwa na unywele mrefu wa mvi. Kudra hakuwa na mvi hata moja.

"Ni Marcel wa Kitahana," alisema, asijue kajuaje. "Mama yake alimlisha nyuma ya wodi."

Nestori akaliweka daftari chini. Akanong'ona.

"Nani kakwambia?"

"Ni kweli?"

"Mama yake alisema mtu hapasuliwi akiwa na njaa. Alimlisha kwa kificho. Mzee Stanislaus hakumuuliza mgonjwa, na Marcel alipokwisha kufa mzee akaandika 'hakula'. Mle ndani tulikuwa wawili tu."

"Waliokufa hivyo wako wangapi?"

Nestori alinyanyuka akaenda bombani. Alinawa muda mrefu, na hakuwa ameshika kitu.

Tangu siku hiyo kila ukurasa ulikuja na sahani yake. Maharage yenye maganda. Maziwa yaliyoganda. Dagaa wenye macho. Na daima vuguvugu, joto la tumbo la mtu. Kudra aliacha daku. Haikusaidia. Chakula hakikuwa chake.

Siku ya mtihani walikaa watu ishirini katika ukumbi wa shule, Kasulu, saa tatu asubuhi. Msimamizi alisema anayetoka amemaliza. Hakuna kurudi.

Swali la sita lilimhusu mgonjwa aliyekula.

Kudra akaandika mstari mmoja. Kikapanda. Dagaa. Akitapika, karatasi imeharibika. Akitoka, amefeli. Jirani yake alimtazama, akavuta kiti upande.

Akameza.

Mstari wa pili. Maharage. Akameza. Uji wa mtu, na jino la mtu ndani ya uji. Akameza. Machozi yakimtoka, mkono ukiandika, majibu yakija safi, moja baada ya jingine. Mara saba alimeza.

Cha nane hakikuwa na ladha. Kilikuwa na kingo.

Alikabidhi karatasi kinywa kimefumbwa, akaenda nyuma ya ukumbi, akakohoa. Kilitoka kipande cha plasta, ile wanayomwandikia mgonjwa jina na kumbandika mkononi kabla ya kupasuliwa. Juu yake pameandikwa kwa wino wa buluu: Asmahani, miaka tisa. Hakula.

Mwandiko ulikuwa wake Kudra.

Alifaulu kuwapita wote. Jumatatu yake aliomba mwenyewe arudishwe wodini. Daktari akadhani anatania. Alitafuta jina lile katika kila kitabu cha wagonjwa, hakuliona. Katika ukoo wetu halikuwepo.

Mwaka uliofuata mdogo wake, Mwanaheri, alijifungua. Simu ilipigwa mchana, kwa furaha.

"Dada, ni msichana! Mama mkwe keshampa jina. Asmahani."

Kudra alikata simu, akaenda kuitoa ile plasta aliyoitunza.

Plasta imo katika kichupa cha dawa, kabatini kwa bibi. Hatuishiki. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu mtihani tulipoifungua kuitazama, na wino wake ulikuwa bado haujakauka.